Kutoka VCD hadi FFmpeg: historia ya kugeuza faili za video

Leo tuweke kando mambo ya PHP na hifadhidata tuongee kuhusu video. Kila aliyetumia tarakilishi miaka ya 2000 anaijua hali hii: umepewa diski ya harusi ya binamu yako, unaitia kwenye deki ya DVD pale sebuleni, wazee wamekaa wanangoja, na deki inagoma. Unaipeleka kwenye tarakilishi, sauti inatoka lakini picha ni giza tupu. Unajaribu rununu, rununu inataka 3GP. Kila chombo na lugha yake. Dawa ilikuwa moja tu: tafuta programu ya kugeuza, iache tarakilishi ikoroge usiku kucha, na uombe stima zisipotee.

Siku hizi kazi hiyo inafanyika kimyakimya. Ukituma video kwa WhatsApp, rununu yako inaibana kwanza bila kukuuliza. Ukipakia YouTube, seva zao zinaitengenezea nakala kadhaa za ukubwa tofauti. Kwa hivyo ni rahisi kudhani kwamba kampuni kubwa ndizo zilizotujengea daraja hili. Sivyo. Kampuni ziliweka milango na kufuli. Daraja lilijengwa na watu wachache waliotaka tu kutazama vitu vyao, na baadhi yao waliishia mahakamani.

Kabla ya historia, tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. AVI, MP4 na MKV ni kontena tu. Fikiria kontena za Kilindini: kwa nje zote ni masanduku ya chuma, lakini moja ina majani chai na nyingine mitumba. Kinachobeba picha yenyewe ni kodeki, yaani kanuni ya kubana na kubanua. Ndiyo maana faili mbili zenye mwisho uleule wa .avi, moja inacheza na nyingine inakataa. Kontena ni ileile, mzigo ni mwingine.

Na kwa nini tubane? Piga hesabu. Picha ya runinga ya PAL, mfumo tuliorithi hapa kwetu, ina nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Hata ukipunguza taarifa za rangi kama inavyofanywa kawaida, hiyo ni takriban megabaiti 15.5 kwa kila sekunde. CD ya megabaiti 700 ingejaa kwa sekunde 45. Saa moja ya harusi ingekula gigabaiti 56, wakati ambapo tarakilishi nyingi za mwaka 2000 zilikuwa na diski ya gigabaiti 10 au 20. Bila kubana hakuna video ya kidijitali, kwisha.

Ufunguo wa kubana ulipatikana mapema. Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, aliomba ufadhili kutoka shirika la taifa la sayansi la Marekani mwaka 1972 ili achunguze mbinu moja ya hisabati. Akanyimwa, wakaguzi waliona wazo lenyewe ni jepesi mno. Akaendelea hivyo hivyo na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao, na Januari 1974 wakachapisha kurasa chache tu kuhusu mbinu iitwayo DCT. Ni moja ya makala zilizozaa matunda mengi zaidi katika fani yetu. JPEG inaitumia. MPEG inaitumia. Toleo lake lililorekebishwa liko ndani ya MP3.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unakata picha vipande vya nukta 8 kwa 8, na kila kipande unakiandika upya kama namba 64: ya kwanza inaeleza wastani wa mwangaza wa kipande kizima, zinazofuata zinaeleza mabadiliko makubwa, na za mwisho zinaeleza vijitu vidogo sana ambavyo jicho halivioni vizuri. Kisha unazikadiria zile namba za mwisho bila huruma, nyingi zinakuwa sifuri, na sifuri nyingi zinaandikika kwa nafasi ndogo. Juu ya hapo unaongeza ujanja mwingine: badala ya kuandika kila fremu nzima, unaandika tu kilichosogea tangu fremu iliyopita.

Shikilia hilo neno "kukadiria", kwa sababu ndipo uchungu wote wa kugeuza video ulipo. Ukishakadiria, kilichotupwa hakirudi. Na unapotoa video kwenye kodeki moja na kuitia kwenye nyingine, unaibanua kisha unaikadiria mara ya pili, kwa kanuni tofauti, na makosa ya kwanza yanabanwa kana kwamba ni sehemu ya picha. Ni kama fotokopi ya kitambulisho iliyopigwa fotokopi tena na tena. Mara ya tano, hata mama yako hakutambui.

Kundi la MPEG lilianzishwa mwaka 1988 na Leonardo Chiariglione na Hiroshi Yasuda, na kiwango chake cha kwanza, MPEG-1, kilichapishwa mwaka 1993. Lengo lilikuwa kuingiza picha na sauti katika kasi ya CD ya kawaida, karibu megabiti 1.5 kwa sekunde. Mwaka huohuo ikaja VCD: nukta 352 kwa 288, dakika 74 kwa diski. Hapo ndipo utamaduni wa "diski ya kwanza, diski ya pili" ulipotoka, na mtu alikuwa akiazimwa ya kwanza peke yake akabaki hajui mwisho wa sinema. Amerika Kaskazini VCD haikushika kabisa, lakini Asia na huku kwetu ilitawala, maana diski na deki zake zilikuwa rahisi na haikuwa na kufuli lolote.

DVD ilipokuja, kwanza Japani mwaka 1996, ilikuja na MPEG-2, picha nzuri zaidi, na kufuli iitwayo CSS. Kama ulikuwa na Linux hukuwa na programu yenye leseni ya kufungua diski uliyoinunua kwa pesa zako. Mwaka 1999 kijana Mnorwe wa miaka 15, Jon Lech Johansen, pamoja na wenzake wawili wasiojulikana majina, wakatoa DeCSS, programu ndogo iliyofungua kufuli hiyo. Januari 2000 polisi wakaingia nyumbani kwao. Mahakama ya Oslo ilimwachilia Januari 2003, upande wa mashtaka ukakata rufaa, na akaachiliwa tena Desemba mwaka huo. Hoja iliyoshinda ni rahisi: diski ni yake, na kutazama mali yako si wizi.

Sasa hadithi ninayoipenda zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Microsoft ilitengeneza kodeki yake ya MPEG-4, nzuri kweli kwa wakati huo, kisha ikaifunga: ungeweza kuitumia ndani ya kontena yao ya ASF tu, si AVI. Mfaransa mmoja wa Montpellier, Jérôme Rota, ambaye mtandaoni alijiita Gej, alikuwa na kazi zake za video alizotaka ziendelee kuchezeka. Basi akaivunja ile kodeki, akaiondolea kizuizi cha AVI, akaiachilia mtandaoni kwa jina "DivX ;-)" pamoja na lile jicho la kukonyeza. Jina lilikuwa kejeli kwa DIVX, mradi wa Marekani wa diski za kutazamwa kwa saa 48 halafu ulipe tena, uliokufa mwaka 1999 baada ya takriban mwaka mmoja sokoni.

Athari yake ilikuwa kubwa. Sinema ya DVD ya gigabaiti kadhaa sasa ilitoshea kwenye CD moja ya megabaiti 700, na ubora ukabaki wa kuridhisha. Sehemu ya biashara ya diski za mitaani katika Afrika Mashariki ilisimama juu ya kile kikodeki kilichovunjwa. (Sisemi ilikuwa halali, nasema ilikuwa hivyo.) Ndipo ukaona deki za sebuleni zilizoandikwa DivX kwa mbele, kwa maana mwaka 2000 Rota na wafanyabiashara kutoka San Diego walianzisha kampuni, wakaandika kodeki mpya isiyo ya Microsoft. Januari 2001 waliweka msimbo wazi kwa jina OpenDivX, watu wa nje wakachangia, halafu kabla mwaka haujaisha kampuni ikafunga mlango na kutoa DivX 4 iliyofichwa. Waliochangia walikasirika, wakachukua msimbo uliokuwa umebaki wazi na kuanzisha mradi wao. Wakauita XviD. Isome kinyumenyume.

Programu ya kugeuza ambayo wengi waliitumia wakati huo ni VirtualDub ya Avery Lee, aliyeianza akiwa mwanafunzi wa chuo. Ilikuwa ndogo, ya bure, na haikuwa na matangazo ya kijinga. Mwaka 2000 aliipa uwezo wa kusoma ASF, na Microsoft wakamtaka auondoe kwa sababu ya hataza waliyokuwa nayo juu ya fomati hiyo. Aliuondoa. Fikiri kidogo: hataza haikuwa juu ya kodeki bali juu ya lile sanduku la nje tu.

Wakati huo huko Ufaransa, mtu mwingine alikuwa ameanza kazi kwa jina la bandia, Gérard Lantau. Jina lake halisi ni Fabrice Bellard, na kama humjui, tafuta habari zake, lakini kaa chini kwanza. Ndiye aliyeandika LZEXE akiwa kijana, akabuni kanuni ya haraka ya kukokotoa tarakimu za pai, na baadaye akaandika QEMU. Mwaka 2000 alianza FFmpeg; zile FF mbili ni kile kitufe cha kupeleka kanda mbele haraka. Nembo yake, ule mstari wa kijani unaokwenda zigizaga, ni njia ambayo zile namba 64 za Nasir Ahmed husomwa kutoka kubwa hadi ndogo.

Tofauti ya FFmpeg na wengine ilikuwa hii. Wachezaji wa video wa Linux wa siku zile, kama MPlayer iliyoanzishwa na Árpád Gereöffy wa Hungaria, walilazimika kubeba faili za DLL za Windows ili kusoma fomati zilizofungwa. Ilifanya kazi, ila kwa prosesa za Intel na AMD tu, na huwezi kurekebisha usichokiona ndani. FFmpeg waliamua kuandika kila kisimbuzi upya, kimoja baada ya kingine, kwa kuchunguza faili na programu zilizofungwa hadi kanuni zijulikane. Windows Media, RealVideo, Sorenson, hata fomati za michezo ya video ya miaka ya 1990. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa. Lakini faida yake ni kwamba faili yako haifi kampuni iliyobuni fomati yake inapofilisika.

Bellard alimwachia uongozi Michael Niedermayer kutoka Austria mwaka 2004. Kipaji hakina shida, lakini watu ni watu. Januari 2011 kundi la watengenezaji lilitangaza kwamba limechukua uongozi. Jina na tovuti vikabaki kwa Niedermayer, na Machi waliojitenga wakajiita Libav. Debian na Ubuntu wakafuata Libav. Mtumiaji wa kawaida aliyeandika ffmpeg kwenye terminali yake alipata ujumbe kwamba programu hiyo imepitwa na wakati na atumie avconv, wakati FFmpeg yenyewe ilikuwa hai inatoa matoleo kama kawaida! Mimi huo ujumbe siusamehi hadi leo. Niedermayer alijibu kwa namna ya pekee: karibu kila siku alichukua mabadiliko ya Libav na kuyaunganisha na yake, kwa hivyo FFmpeg ikawa na vya pande zote mbili. Mwaka 2015 Debian ilirudi FFmpeg, na Julai mwaka huohuo Niedermayer akajiuzulu uongozi, akisema anatumaini hilo litasaidia pande mbili kupatana.

Pembeni ya ugomvi huo kazi kubwa iliendelea. Kiwango cha H.264 kilikamilika mwaka 2003, na Laurent Aimar alianza x264, ambayo Loren Merritt na Jason Garrett-Glaser waliinoa hadi ikazishinda kodeki nyingi za kulipia. HandBrake, ambayo ndiyo ninayompendekezea mtu asiyependa terminali, iliandikwa na Eric Petit mwaka 2003 kwa ajili ya BeOS, mfumo ambao wengi wenu hamjauona. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2016. Miaka 13! Na sisi tunaomba radhi kwa wateja tukichelewa wiki mbili.

YouTube ilianza mwaka 2005 kwa Flash, picha ya 320 kwa 240. Huku Kenya tulikuwa bado kwenye setilaiti. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na kabla ya hapo kutazama dakika tatu ilikuwa kusubiri dakika kumi. Mwaka 2011 watu wa FFmpeg walipakia YouTube faili za fomati adimu ambazo karibu hakuna programu nyingine ingeweza kuzisoma, na YouTube ikazigeuza bila tatizo. Ikawa dhahiri ni injini gani inayozunguka mle ndani. Mwaka 2021 chombo cha Perseverance kilipotua Mars, FFmpeg ilikuwa humo kwenye mfumo wa kamera za kutua, ikibana picha.

Hayo yote ni programu huria, na hapo ndipo swali la pesa linapokuja. Kwanza hataza. Wengi wetu tulipata diski za Ubuntu kwa posta bila malipo kupitia mpango wa ShipIt uliofungwa mwaka 2011, tukaziweka kwa furaha, kisha tukakuta hazichezi hata MP3. Sababu haikuwa uzembe. Kodeki hizo zilikuwa chini ya hataza. Ungeweza kuzipakua, lakini kwa intaneti ya saiba inayolipiwa kwa dakika. Mpango wa leseni za MP3 ulifungwa mwaka 2017, na hataza za mwisho za MPEG-2 nchini Marekani ziliisha Februari 2018. Kampuni zenyewe hatimaye zilichoka na mchezo huo: Google, Mozilla, Netflix, Microsoft na wengine waliungana mwaka 2015, na mwaka 2018 wakatoa AV1 isiyo na ada.

Pili, nani anayelipa wanaoitunza? Mwaka 2024 mhandisi wa Microsoft alifungua tiketi kwenye orodha ya hitilafu za FFmpeg akiomba msaada wa haraka kwa ajili ya Teams. Watengenezaji walipopendekeza mkataba wa matunzo, wakaahidiwa dola elfu chache, mara moja tu. Walilitangaza jambo hilo hadharani, na walifanya vyema.

Kuna filamu moja ambayo mimi huitaja kila mtu anaponiuliza hizi fomati zinamhusu nini. Ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana kule Wakaliga, Kampala, kwa tarakilishi za kuunga-unga. Leo inajulikana dunia nzima. Lakini nakala yake asili haipo. Umeme ulikuwa ukiharibu vifaa, nafasi kwenye diski ilikuwa ndogo, na ilibidi afute ili atengeneze filamu nyingine. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kimechomwa kwenye DVD, tayari na sauti ya VJ Emmie juu yake. Kila nakala utakayoiona mtandaoni imetokana na faili iliyobanwa tayari, na hakuna programu duniani itakayorudisha kilichotupwa kabla ya hapo.

Kwa hivyo ukiwa na faili za nyumbani, jambo la kwanza ni kujua kama unahitaji kugeuza kweli. Mara nyingi tatizo ni kontena tu, na unaweza kuhamisha mzigo bila kuufungua:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Hiyo inamalizika kwa sekunde chache na haipotezi chochote. Ikikataa, ujue hiyo kodeki haikubaliki ndani ya MP4, na hapo ndipo ugeuze, lakini usifute ya kwanza.

Na kama una kanda za VHS za marehemu babu, zinazooza kabatini, usizitie moja kwa moja kwenye kodeki ya kupunguza. Niedermayer aliandika kodeki nyingine mwaka 2003 ndani ya FFmpeg, FFV1, isiyotupa hata biti moja. Hifadhi ya taifa ya sauti na video ya Austria inaitumia, na mwaka 2021 maelezo yake yalichapishwa rasmi kama RFC 9043. Ukishanasa kanda kwenye tarakilishi bila kuibana:

ffmpeg -i kanda.avi -c:v ffv1 -level 3 -c:a flac kanda.mkv

Itakula takriban nusu ya ukubwa wa video isiyobanwa, labda chini ya hapo kidogo, kwa hivyo andaa diski mbili za nje na uziweke nyumba mbili tofauti. Nakala ya kuwatumia jamaa kwenye simu itengeneze kutoka hiyo, kila mara kutoka hiyo.